Bata wa kuchoma wa kubeba, Tabora mjini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya anayetaka kuagiza bata wa kuchoma hapa mjini na kumlia nyumbani, awe anakaa Isevya, Ipuli, Cheyo au anarudi Urambo jioni ile ile. Wengi wanaolalamika kwamba bata "hana ladha" walipewa bata mzuri tu. Aliharibika kati ya jiko la mgahawa na meza yao, na hapo ndipo tumeweka maelezo mengi zaidi.

Naweza kuingia tu mgahawani nikatoka na bata?

Mara chache sana. Kuku wa kuchoma yupo kila kona kuanzia stendi hadi Ng'ambo, lakini bata hachomwi kwa kubahatisha wateja. Anakaa jikoni muda mrefu, na akilala bila kununuliwa ngozi yake inalegea. Kwa hiyo migahawa mingi na majiko ya nyama choma humchoma kwa oda. Agiza siku moja kabla. Ukitaka wawili watatu, siku mbili, maana mpishi naye anamtegemea mfugaji wa mtaani au wa sokoni. Wakati wa Idi, Krismasi na Mwaka Mpya, agiza wiki nzima kabla na uache kianzio.

Ukiambiwa "yupo, njoo tu", uliza amechomwa saa ngapi. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, chukua kuku.

Nikipiga simu niseme nini?

Sema kila kitu kwa mara moja, kwa mfano: "Shikamoo mama. Naomba bata mmoja wa kesho, nimfuate saa kumi na mbili jioni. Awe jike au kijana, asiwe dume mzee. Achomwe mzima, asikatwe. Sosi na kachumbari zikae pembeni. Mkia utolewe kabla ya kuchoma." Halafu mwombe arudie saa. Mpishi akisikia saa kumi na mbili anaweza kumtoa jikoni saa kumi ili "awe tayari", na hapo umeshapoteza saa mbili za ubora. Unataka atoke motoni robo saa au nusu saa kabla hujafika.

Ni bata gani huyo ninayepewa?

Kwa kawaida ni Muscovy, yule mwenye nyama nyekundu za vinundu usoni, anayefugwa uani karibu kila mtaa. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Nyama yake ni nyekundu, mafuta yake si mengi, na akizeeka ni mgumu kwelikweli. Dume anafika kilo 4 hadi 5, jike karibu nusu ya hapo.

Mwingine ni Pekin, mweupe wote na mdomo wa njano. Huyu ndiye bata wa kuchoma wa Wachina: ana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi na anafika kilo 3 ndani ya wiki saba au nane akilishwa vizuri. Hapa mjini hapatikani kirahisi. Ukimpata, usiombe apakwe mafuta ya ziada, anayo ya kwake ya kutosha.

Ukipewa nafasi ya kumchagua akiwa hai, bonyeza ncha ya mfupa wa kifua kwa kidole. Kwa bata kijana inapinda kama sikio. Kwa mzee ni mfupa mtupu, na huyo afaa rosti au supu, si kuchoma.

Bata mmoja anatosha watu wangapi?

Watatu au wanne. Hesabu ni hii: bata wa kilo 3 akiwa hai, akishachinjwa, kunyonyolewa na kutolewa matumbo anabaki na kilo 2 na kidogo. Jikoni anapoteza karibu theluthi kwa maji na mafuta yanayotoka, anabaki kilo moja na nusu hivi. Humo ndani mifupa ni mingi kuliko ya kuku, kifua ni kipana lakini si kinene. Nyama ya kuliwa haizidi sana gramu 700. Kwa familia ya watu sita chukua bata wawili, au bata mmoja na wali mwingi.

Nusu bata inawezekana kama mgahawa una mteja wa nusu nyingine. Robo usiagize kabisa: vipande vidogo vinakauka.

Mbona bei inamzidi kuku?

Hesabu ya hapo juu ndiyo jibu la kwanza. La pili ni manyoya. Bata ana mafuta kwenye manyoya, maji hayapenyi, na chini yake kuna vinyoya vidogo vinavyotolewa kimoja kimoja. Mpishi anayejua anatumia maji ya moto ambayo hayajachemka, nyuzi 60 hadi 65, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili maji yapenye, kisha anamsuuza vizuri. Mwenye haraka anamtumbukiza kwenye maji yanayotokota. Ngozi inapikika na kuchanika, na ngozi iliyochanika haichomeki sawasawa. Wapishi hao wawili wakikupa bei moja, nenda kwa wa kwanza.

Kuna namna ngapi za kumchoma?

Hapa utakutana na tatu.

Kwenye mkaa moja kwa moja, kama mishikaki. Ina harufu nzuri ya moshi lakini ni ngumu kwa bata, kwa sababu mafuta yanadondoka kwenye mkaa, moto unaruka, ngozi inapata masizi na uchungu huku paja bado bichi. Mchomaji mzuri husogeza mkaa pembeni na kumweka bata katikati, juu ya sinia la kudakia mafuta.

Kuchemsha kwanza kisha kuchoma au kukaanga. Ndiyo inayotumika zaidi kwa bata wa mtaani, na kwa bata mtu mzima ni sahihi kabisa. Tabora ipo takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kuchemsha kunachelewa kidogo kuliko Dar es Salaam. Bata mgumu anahitaji saa moja na nusu ya kutokota taratibu kabla hajaona mkaa. Akiachwa akauke nusu saa baada ya kuchemshwa, ngozi inakubali moto. Akipelekwa motoni akiwa bado anadondosha maji, anachemka kwa mara ya pili.

Ya tatu ni oveni. Bata wa kilo 2 kwenye nyuzi 180 anachukua saa moja na nusu hadi mbili, akiwa juu ya wavu, ngozi imetobolewa kwa ncha ya kisu pale penye mafuta, bila kufika kwenye nyama. Matundu hayo ndiyo njia ya mafuta kutoka.

Nataka bata kama wa Beijing. Nitampata?

Kwa jina, pengine. Kwa ufundi wenyewe, usitegemee. Bata wa Beijing hupulizwa hewa kati ya ngozi na nyama, humwagiwa maji ya moto ili ngozi ikaze, hupakwa sukari ya nafaka iliyoyeyushwa, hutundikwa akauke saa nyingi, kisha huchomwa amening'inia kwenye tanuri la kuni za miti ya matunda. Quanjude, mgahawa wa Beijing ulioanzishwa mwaka 1864, ndio uliojulikana zaidi kwa namna hiyo ya kumtundika. Wa Guangdong na Hong Kong ni mwingine: tumboni hujazwa sosi ya soya, tangawizi na viungo, tumbo likashonwa, na mchuzi huo ndio unaomwagiwa nyama baada ya kukatwa.

Kinachowezekana hapa ni kumwomba mpishi afanye mambo mawili: akaushe ngozi usiku kucha kwenye friji bila kufunika, na ampake asali. Asali ya misitu ya miombo ya mkoa huu ni nzuri mno kwa kazi hii, ila inaungua upesi kuliko ile sukari ya nafaka. Kijiko kimoja kikubwa cha asali kichanganywe na kijiko kimoja cha maji na nusu kijiko cha siki, apakwe dakika 15 za mwisho tu. Akipakwa tangu mwanzo atatoka mweusi na mchungu, na mpishi atakwambia ndivyo Wachina wanavyompenda.

Nyama ina wekundu. Ni mbichi?

Si lazima. Nyama ya bata ni nyekundu hata kifuani, na ikiiva inakuwa kahawia iliyokolea, haiwi nyeupe kama ya kuku. Usiangalie rangi peke yake. Choma kisu pale paja linapoungana na mwili: maji yanayotoka yawe safi, yasiwe na damu, na paja lizunguke ukilivuta. Mwenye kipimajoto apate nyuzi 74 katikati ya paja bila kugusa mfupa.

Kuna migahawa ya nchi za nje inayouza kifua cha bata kikiwa chekundu katikati. Hicho huliwa hapo hapo mezani. Kwa chakula cha kubeba, kinachosafiri na kusubiri, taka aive kabisa.

Kwa nini ngozi ilikuwa kavu mgahawani, nikafika nyumbani imelegea?

Mvuke. Ngozi imekauka kwa sababu maji yake yameondoka na mafuta yameyeyuka. Nyama ya ndani bado ina maji na bado ina moto. Ukimfunga papo hapo kwenye foili, mvuke unapanda, unagonga foili, unageuka maji na kurudi kwenye ngozi. Dakika kumi zinatosha kuharibu kazi ya saa mbili. Hotpoti ndiyo mbaya kuliko zote: kwa wali na pilau ni nzuri, kwa bata wa kuchoma ni chombo cha kumpika upya kwa mvuke wake mwenyewe.

Simamia ufungashaji. Kwanza apumzike juu ya wavu dakika 15 baada ya kutoka motoni; nyama inatulia, na wingu la kwanza la mvuke linaondoka. Kisha alazwe kwenye boksi la karatasi, mgongo chini, juu ya karatasi nyeupe ya jikoni ya kunyonya mafuta. Gazeti hapana, wino unahamia kwenye mafuta. Boksi litobolewe matundu manne matano juu, au kifuniko kiachwe wazi upande mmoja. Kama kuna foili tu, ikunjwe chini na pembeni kama sinia, juu pabaki wazi, pafunikwe kitambaa safi. Mwenye kikapu cha ukindu aje nacho: kinapitisha hewa na hakiporomoki.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na ile mbadala ya kitambaa inavuja mafuta. Weka kitu kigumu chini. Kwenye bodaboda usimtundike kwenye usukani, mpakate akiwa amelala. Mafuta ya bata yakimwagika kwenye suruali hayatoki kwa maji baridi.

Sosi ikimwagwa juu yake mgahawani, hakuna ushauri mwingine tulio nao. Mle hivyo hivyo.

Akatwe mgahawani au nyumbani?

Nyumbani. Kila mkato wa kisu unafungua njia ya maji kutoka. Tena mgahawani hukatwa kwa panga pamoja na mifupa, na mfupa wa bata ukipasuliwa unaacha vibanzi vyembamba, hatari kwa watoto.

Ukifika, mlaze kwa mgongo. Vuta paja nje, kata ngozi kati ya paja na mwili, kisha tafuta kiungo. Kwa bata kiungo hicho kipo nyuma zaidi na chini zaidi kuliko cha kuku, karibu na mgongo. Wengi hukitafuta mahali pa kuku wakaishia kusaga mfupa. Kipapatio nacho hivyo hivyo. Kifua: pitisha kisu upande mmoja wa mfupa wa katikati, ukiufuata chini hadi nyama itoke nzima na ngozi yake. Geuza ngozi juu, kata vipande vya unene wa kidole kwa mshazari. Kisu kiwe kikali, la sivyo ngozi inavuliwa kama soksi.

Nampashaje moto bila kumharibu?

Mkate sehemu nne: vifua viwili, mapaja mawili. Kausha ngozi kwa karatasi ya jikoni. Ziweke ngozi chini kwenye kikaango kikavu ambacho hakijapata moto, bila mafuta hata tone. Jiko la mkaa liwe na makaa machache yaliyotandazwa. Ukianza na kikaango cha moto, ngozi inakaza na kufungia mafuta ndani. Ukianza na cha baridi, mafuta yanayeyuka taratibu na ngozi inajikaanga yenyewe. Dakika 8 hadi 10. Kila mafuta yakijaa, yamimine kwenye bakuli. Geuza, funika dakika 4 au 5 nyama ipate moto hadi ndani, kisha funua na urudishe ngozi chini dakika moja ya mwisho. Kama alipakwa asali, punguza makaa na usiondoke jikoni.

Kwenye oveni: nyuzi 190, vipande dakika 15 hadi 20, mzima dakika 30, juu ya wavu. Asiye na oveni atumie sufuria kubwa ya moto juu na chini kama ya kuokea keki: weka wavu au vikombe vya chuma ndani, bata juu yake, makaa mengi kwenye kifuniko na machache chini, kifuniko kiwe wazi kidogo. Maikrowevu inapasha nyama, ngozi isahau.

Nimetoa oda Tabora lakini nakaa Urambo, Sikonge au Nzega. Inafaa?

Inafaa kwa masharti. Chakula kilichopikwa kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60, vijidudu vinaongezeka haraka. Kipimo kinachotumika ni saa mbili, na saa moja tu joto la hewa likizidi nyuzi 32. Septemba na Oktoba mchana, ndani ya basi lililosimama stendi likisubiri abiria, umeshavuka hapo. Hesabu saa tangu alipotoka motoni, usihesabu tangu ulipopanda basi. Na usiseme "nikifika nitampasha": baadhi ya vijidudu huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Njia salama ni kumwomba mpishi amchome asubuhi, amkate sehemu nne, azipoze na kuziweka kwenye friji hadi ziwe baridi kabisa. Unazichukua jioni, unazibeba kwenye deli lenye barafu, kisha unafuata maelezo ya kikaango hapo juu. Huyu anafika vizuri kuliko aliyesafiri akiwa vuguvugu.

Nyumbani, friji inamtunza siku tatu, nne kwa kubana. Umeme ukikatika zaidi ya saa nne, mtupe.

Ana harufu kama shombo. Ameoza?

Nusa mkiani kwanza. Juu ya mkia kuna tezi ya mafuta ambayo bata anaitumia kupaka manyoya. Ina rangi ya njano, ukubwa wa maharage mawili yaliyolala sambamba. Isipokatwa kabla ya kuchoma, inayeyuka na kusambaza harufu mgongo mzima. Hapo bata si mbovu: kata mkia, ondoa ngozi ya mgongo, kifua kitakuwa salama. Lakini kama harufu ni ya uchachu na nyama inateleza mkononi, mrudishe.

Je, ni halali?

Bata mwenyewe ni halali. Maswali ya kuuliza ni matatu: nani kachinja, wavu unachomea nini kingine, na sosi ina nini. Jiko linalochoma kitimoto na bata kwenye wavu mmoja lipo, na sosi nyingi za Kichina zinatiwa mvinyo wa mchele. Uliza bila aibu, mpishi anayejiheshimu hachukii.

Anafaa kwa mwenye presha au mjamzito?

Mafuta mengi yapo kwenye ngozi, chumvi nyingi ipo kwenye sosi. Mwenye presha aondoe ngozi na aache sosi pembeni, afuate alichoambiwa hospitali. Mjamzito ale aliyeiva kabisa na wa moto, asile kiporo cha baridi.

Analiwa na nini?

Kitu chenye uchachu, basi. Kachumbari yenye ndimu ya kutosha, embe bichi lililokatwa nyembamba na chumvi na pilipili msimu ukifika, au ukwaju uliolowekwa na kukorogwa na asali kidogo. Wali mweupe unafaa kuliko pilau, kwa sababu pilau lina mafuta yake. Chapati nyembamba za maji, tango na vitunguu majani zinakaribia namna ya Beijing: pakaa sosi, weka vipande viwili vya ngozi na nyama, kunja. Chipsi zilizokaangwa pamoja naye ni mafuta juu ya mafuta.

Yale mafuta niyamwage?

Usiyamwage. Yachuje kwa kitambaa yakiwa vuguvugu, uyaweke kwenye chupa kavu ndani ya friji. Yanakaa miezi miwili mitatu. Kaangia viazi vilivyochemshwa nusu, au anzia nayo kitunguu cha kisamvu. Kijiko kimoja kinatosha.

Na mifupa?

Supu. Ivunje mgongo mara mbili, tia maji baridi lita mbili, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole kilichopondwa, kitunguu kimoja kizima na pilipili manga kiasi. Itokote taratibu saa mbili bila kufunikwa kabisa, ukiengua mafuta yanayoelea. Firigisi na shingo mpishi hukaa nazo usipoziomba, kwa hiyo ziombe. Chumvi tia mwishoni baada ya kuonja, kwa sababu bata alishatiwa chumvi mgahawani.